Sindano kabla ya kisu: kisa cha mbwa mzee wa Kisauni

Bosco ni mbwa dume wa miaka 10 hivi, chotara wa mbwa wa kienyeji na German Shepherd, uzito kilo 26. Kazi yake ni kulinda yadi ya mbao Kisauni, Mombasa. Aliletwa wakati wa kaskazi akiwa na uvimbe ubavuni, upande wa kulia, nyuma kidogo ya mbavu za mwisho. Aliyempandisha kwenye tuktuk, mdomo umefungwa kwa kamba, ni mlinzi wa usiku. Mwenye yadi, mzee wa miaka sabini na ushei, alikuwa ametangulia na alishakaa kwenye benchi anatusubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Huyu ana jipu sugu. Nataka ulipasue, usaha utoke, tumalize."

Mwenye habari kamili alikuwa mlinzi. Kabla ya Ramadhani iliyopita palikuwa na kijivimbe, ukubwa wa kunde, kisichomsumbua mbwa. Kikakaa miezi. Siku moja Bosco akajisugua kwenye rundo la mbao, na kufika jioni kijivimbe kimefura, chekundu, kinamuwasha hata hakuacha kukilamba. Akaitwa mtu anayezunguka mitaani kutibu mbuzi na ng'ombe. Akasema ni jipu, akadunga antibiotiki, na juu yake deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi. Baada ya siku chache uvimbe ukanywea. Ukarudi. Akadunga tena, ukanywea tena. Mara ya tatu ulipungua kidogo tu, kisha manyoya ya juu yakanyonyoka na ngozi ikaanza kutoa majimaji yenye damu. Hapo ndipo wakafikiria kliniki.

Niliuliza maswali mawili ambayo watu wengi hawayahusishi na uvimbe wa ngozi. Anatapika? Kinyesi chake kimewahi kuwa cheusi na cha kunata? Mlinzi alijibu kwamba asubuhi nyingi hutapika povu la njano, na siku hizi chakula anakiacha nusu. Kinyesi hakuwahi kukiangalia.

Historia hii peke yake ilitosha kunizuia nisishike kisu. Jipu lililodungwa steroidi mara tatu bila kutolewa usaha kwa kawaida huzidi, maana dawa hiyo inadhoofisha kinga inayopambana na bakteria. Hili lilikuwa likinywea kila linapodungwa. Uvimbe unaofura ghafla ukisuguliwa, unaowasha, unaopungua wenyewe au kwa steroidi kisha ukarudi pale pale, kwa mbwa aliyevuka miaka 8, mimi nauhesabu kuwa uvimbe wa seli za masti mpaka sindano ya kuchukua sampuli iniambie vingine.

Seli za masti ni seli za kinga zinazoishi kwa wingi kwenye ngozi, mapafu na utumbo. Ndani yake zimejaa chembechembe zenye histamini, heparini na vimeng'enya. Mbwa akiumwa na nyuki pua hufura kwa sababu seli hizi zimemwaga kilichomo. Zikigeuka kuwa saratani huendelea kubeba shehena ile ile, ila sasa zinaimwaga ovyo: zikibinywa, mbwa akijisugua, wakati mwingine bila sababu inayoonekana. Histamini hupanua mishipa midogo ya damu, ngozi ikafura na kuwa nyekundu. Sehemu yake husafiri na damu mpaka tumboni, ikachochea tindikali, na baada ya muda ukuta wa tumbo ukapata vidonda. Ndiyo maana niliuliza habari ya kutapika. Deksamethasoni nayo huua baadhi ya seli hizo na kuondoa maji yaliyojaa pembeni mwake, kwa hiyo uvimbe huonekana umekwisha. Watu wanashukuru Mungu, wanalipa, na saratani inaendelea kukua chini ya ngozi. Kati ya saratani zote za ngozi ya mbwa, hii ndiyo inayoonekana zaidi, na hakuna nyingine inayofaidika hivi na haraka yetu ya kudunga.

Mezani, uvimbe ulikuwa na upana wa sentimita 2.5, mgumu kiasi, unasogea pamoja na ngozi, juu yake kuna kidonda kidogo. Niliubonyeza mara chache kwa upole na kusubiri. Dakika chache baadaye wekundu ulikuwa umetapakaa pembeni na kingo zimeinuka. Hii inaitwa dalili ya Darier, kwa jina la daktari wa ngozi Mfaransa. Haitokei kila mara, lakini ikitokea haifai kupuuzwa.

Sikutaka kuamini dalili moja, kwa sababu Pwani yetu ina vivimbe vya aina nyingi. Kuna nzi wa embe, ambaye funza wake huingia ngozini na kutengeneza kijivimbe chenye tundu katikati la kupumulia. Hivyo huja vingi kwa pamoja, hasa tumboni na makendeni, mahali mbwa anapolalia mchanga wenye mayai. Kuna lipoma, uvimbe wa mafuta, laini, wa mbwa wazee na wanono, ambao mara nyingi hauna madhara. Kuna uvimbe unaoambukizwa mbwa wanapopandana. Kwa kawaida hukaa sehemu za siri, lakini kwa mbwa wanaozurura huweza kuota hata puani na kwenye ngozi ya mwili. Na mbwa weupe wanaolala chali juani hupata saratani za mishipa ya damu na za ngozi ya juu pale tumboni penye manyoya machache. Bosco ni mweusi na kahawia, na ubavu wake una manyoya ya kutosha, kwa hiyo jua sikulishuku.

Vidole haviwezi kuvitofautisha vyote hivi. Uvimbe wa seli za masti ukikaa chini ya ngozi huweza kuwa laini na wa kutelezateleza, ukadhani ni lipoma tupu. Nimewasikia wenzangu wenye uzoefu wa miaka wakisema "haya ni mafuta tu" kwa kugusa peke yake, na siwezi kukubaliana nao. Sindano ni ya bei ndogo, haihitaji nusukaputi, na jibu linaweza kupatikana mbwa akiwa bado chumbani.

Kwa kuwa nilishashuku, nilimdunga kwanza klorofeniramini, dawa ile ile ya Piriton, ili histamini itakayomwagika isimsumbue. Kisha nikachukua sindano ya geji 22 na bomba la mililita 5, nikaingiza mahali pagumu palipo mbali na kidonda, nikavuta, nikabadilisha upande, nikavuta tena, nikaachia kabla ya kutoka. Kinachohitajika ni kile kidogo kinachobaki ndani ya sindano. Damu ikijaa kwenye bomba sampuli imeharibika. Nilikipuliza kwenye slaidi, nikakipaka kwa slaidi ya pili, nikaacha kikauke kwa hewa.

Slaidi moja niliipaka rangi ya haraka, nyingine Giemsa. Giemsa ndiyo rangi inayotumiwa na maabara za binadamu kutafutia vimelea vya malaria, kwa hiyo mji kama Mombasa haiikosi. Hili si jambo dogo, kwa sababu rangi za haraka mara nyingine hushindwa kuonyesha chembechembe za seli za masti. Unaona seli za mviringo zisizo na kitu ndani, na unaweza kuzipa jina jingine kabisa. Kwa Bosco, slaidi ya rangi ya haraka ilinionyesha seli za mviringo na chembe chache za kutiliwa shaka. Ya Giemsa haikuacha swali: seli zimejaa chembechembe za zambarau hata kiini kimefichika, na katikati yake eosinofili kadhaa, aina ya chembe nyeupe za damu, ambazo huvutwa na kemikali za seli hizi.

Hapo nilikuwa na jina la ugonjwa. Kujua ukali wake ni kazi ya patholojia, yaani kuichunguza nyama maabarani, baada ya kukata. Lakini kukata siku ile ingekuwa hatari, na sababu yake haikuwa uvimbe.

Masikio ya Bosco yalikuwa yamejaa kupe, ndani na nje, wale kupe wa kahawia wa mbwa. Ufizi wake ulikuwa umepauka, na tumboni niliona vidoadoa vyekundu vichache visivyofifia vikibonyezwa. Nilipaka tone la damu kwenye slaidi na kuhesabu chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Mbwa mzima huwa na 200,000 au zaidi katika kila maikrolita. Kwenye hadubini, kila chembe sahani moja katika uwanja wa lenzi ya mafuta huhesabiwa kuwa kama 15,000. Bosco alikuwa na 3 au 4 kwa kila uwanja, yaani kama 50,000. Kipimo cha haraka cha Ehrlichia, bakteria wanaoenezwa na kupe hawa, kilitoa jibu la ndiyo. Kipimo hicho kinaonyesha kingamwili tu, na mbwa wengi wa Pwani waliokwisha kuumwa na kupe wataonyesha hivyo hata wakiwa wazima. Lakini ukichanganya na kupe, ufizi uliopauka, vidoadoa na chembe sahani chache, homa ya kupe ilikuwa dhahiri.

Ningependa kila anayeshika kisu huku Pwani alifikirie hili. Vitabu vya saratani ya mbwa vimeandikwa zaidi katika nchi ambako kupe huyu si wa kila nyumba. Huku joto haliishi, naye anazaliana mwaka mzima. Mbwa mzee mwenye uvimbe ana nafasi kubwa ya kuwa na vimelea vya kupe pia, na magonjwa haya mawili yanakutana mahali pabaya kuliko pote, kwenye damu. Seli za masti humwaga heparini, na heparini huzuia damu kuganda. Kata uvimbe kama huo kwa mbwa mwenye chembe sahani 50,000, na kidonda kitavuja usiku kucha mbwa akiwa amekwisha kurudishwa nyumbani.

Ehrlichia ilichanganya na jambo jingine. Tezi ya limfu ya kinena upande wa kulia ilikuwa imevimba. Saratani ya seli za masti husambaa kwanza kwenye tezi za karibu, kwa hiyo mtu angeweza kusema imekwisha kwenda na kukata tamaa hapo hapo. Homa ya kupe nayo huvimbisha tezi mwili mzima. Sindano ya aina ileile ikaingia kwenye tezi. Nilikuta limfosaiti za kila umri na seli za plazima nyingi, zote seli za kinga, picha ya tezi inayopigana na maambukizi. Seli za masti zilikuwa moja moja, zimetawanyika, na hizo chache huweza kuonekana hata kwenye tezi nzima; yangekuwa makundi, mazungumzo na mzee yangekuwa mengine. Ultrasaundi ya tumbo ilionyesha wengu uliopanuka kidogo bila mabonge, ini la kawaida. Wengu nao huvimba kwa homa ya kupe. Figo zilikuwa zinafanya kazi, na moyo haukuwa na mlio wa kutia wasiwasi.

Nilimweleza mzee kwamba si jipu, na kwamba tutaanza na dawa ya homa ya kupe kabla ya upasuaji. Alinyamaza, akazungusha kofia yake mkononi.

"Daktari, mbwa mwenyewe keshazeeka. Nikisema aachwe amalize siku zake, nitakuwa nimefanya vibaya?"

Hili ni swali ninaloulizwa sana, na nadhani linastahili jibu la kweli. Nilimwambia: "Mzee wangu, uzee si ugonjwa. Figo zake na moyo wake vinaweza kustahimili. Tukimwacha, hatamaliza siku zake kwa utulivu. Kidonda kitapanuka, na kwa joto hili nzi watakitagia. Atawashwa usiku na mchana. Tumbo litamuuma mpaka aache kula. Kama vipimo vingeonyesha imeenea, ningekushauri tumlaze asiteseke, na nisingekuficha. Lakini sijaona dalili hiyo."

Akasema, "Basi mtibu. Amenilindia mali yangu miaka yote hii. Haki yake iko juu yangu."

Alipewa doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 28, na kila kidonge kifuatwe na chakula na maji ili kisimchome koo. Pamoja nayo omeprazoli kwa ajili ya tumbo, na klorofeniramini ya kila siku. Mlinzi aliambiwa asiubonyeze uvimbe kwa sababu yoyote.

Prednisoloni, steroidi nyingine, sikumpa. Kuna madaktari wanaoitumia makusudi kupunguza uvimbe kabla ya upasuaji, hasa pale ngozi ilipo haba, kama kwenye mguu chini ya goti, na wana sababu. Ubavu una ngozi tele. Halafu mbwa huyu alikuwa na maambukizi ambayo yalikuwa ndiyo kwanza yaanze kutibiwa, na alishapata steroidi ya kutosha bila mpango. Tena, uvimbe ulionywea kwa dawa hukudanganya juu ya mpaka wake, nami nilitaka kuuona mpaka ulivyo.

Tulipanga kupima chembe sahani baada ya wiki 2, bila kungoja siku zote 28 ziishe. Zikiwa zimepanda vya kutosha, tungekata na dawa iendelee baadaye. Sikuona sawa kuipa saratani mwezi mzima. Zilikuwa zimepanda hadi makadirio ya 190,000, ufizi umerudi rangi, na Bosco anamaliza sahani yake. Kutapika kulikuwa kumekoma. Tukapanga siku.

Katika kungoja huko ndipo tulipozungumzia kwa nini uvimbe ulikaa muda wote ule bila mtu kujua. Mzee alieleza wazi. "Sisi hatumshikishiki. Mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, lakini mate yake ni najisi, na unyevu wake ukikugusa waosha mara saba, moja kwa udongo." Hali hii ni ya nyumba nyingi za Mombasa, na mganga wa wanyama anayeidharau hatapata ushirikiano. Mbwa anatunzwa, analishwa, lakini hakuna mkono unaopita mwilini mwake, kwa hiyo kijivimbe cha ukubwa wa kunde hakina wa kukigundua. Nilikuwa nataka kupendekeza glavu, mzee akanitangulia. "Kavu kwa kavu haina najisi," akasema. "Mlinzi atampapasa akiwa mkavu, tena na glavu akitaka." Wakakubaliana wenyewe: kila mwisho wa mwezi, kutoka kichwani hadi mkiani, chini ya kwapa na ndani ya mapaja.

Upasuaji ulianza na omeprazoli na klorofeniramini asubuhi. Morfini na pethidini niliziweka kando kwa sababu huchochea seli za masti kumwaga histamini, na mbwa anaweza kushuka shinikizo la damu akiwa mezani. Maumivu yalizuiwa kwa tramadoli na kwa lignokaini iliyodungwa nje ya mstari wa mkato. Zailazini, dawa ya kutuliza mnyama, ambayo wengi wetu tumeizoea kwa kuwa ipo kila mahali, sikuitaka kwa mbwa wa umri huu. Hupunguza mapigo ya moyo na hutapisha. Alilazwa kwa propofoli na kuendelezwa kwa gesi ya isoflurani.

Nilichora mpaka kwa kalamu kabla hata ya kufunika kitambaa: sentimita 2 kila upande kutoka ukingo wa uvimbe unaohisika. Uvimbe wa sentimita 2.5 ukawa duara la sentimita 6.5. Mzee, aliyeomba kuona mchoro kabla hatujaanza, alishtuka. Nilimweleza kwamba seli za saratani hutambaa pembeni mahali vidole havifiki, na kwamba upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri. Ukirudi mara ya pili unakuta kovu, na mpaka umepotea.

Upana sio kila kitu. Kina nacho kina kanuni. Mafuta ya chini ya ngozi hayaizuii saratani hii, inayapita kwa urahisi. Kinachoizuia kwa muda ni utando mgumu unaofunika misuli. Kwa hiyo nilishuka mpaka kwenye utando wa msuli wa nje wa tumbo, nikautoa ukiwa umeshikamana na kipande chote, nikaushona kwenye ngozi kwa nyuzi chache ili tabaka zisitelezeane njiani. Damu ilivuja kuliko kawaida ya ubavu, heparini ikifanya kazi yake, lakini iliganda kwa kubanwa na kwa kufunga mishipa mmoja mmoja. Ningekuwa nimefanya haya wiki 2 nyuma, nisingependa kufikiria. Kidonda cha mwisho kilikuwa mshono wa karibu sentimita 17. Ngozi ya mbwa mzee imelegea ubavuni, ilifunga bila kuvutana.

Kipande kilitiwa alama: uzi mmoja upande wa kichwa, nyuzi 2 upande wa mgongo. Bila alama hizo mtaalamu wa patholojia anaweza kukuambia upande mmoja haukuwa safi, nawe usijue ni upi. Kikawekwa kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kipande, ndani ya chombo cha mdomo mpana, chombo ndani ya chombo, kimezungushiwa mkanda, na karatasi ya historia nje kwenye mfuko wake. Nimewahi kuona sampuli iliyosokomezwa kwenye chupa nyembamba ya dawa ya kikohozi. Ilifika imeoza katikati. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na sampuli yetu ilipanda basi la usiku kwenda Kabete, kwenye kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Bosco alirudi yadini amevaa fulana kuukuu ya mlinzi, mikono ya mbele imepita kwenye mikono ya fulana, na kola iliyokatwa kutoka kwenye ndoo ya plastiki. Kola za dukani kwa ukubwa wake hupasuka zikigonga mbao. Ya ndoo ilidumu mpaka siku ya kutoa nyuzi, ambazo nilizitoa baada ya siku 14 badala ya 10, kwa sababu vimeng'enya vya seli za masti huchelewesha kidonda kushika.

Ripoti ilisema: uvimbe wa seli za masti, daraja la pili la ukali kwa mpango wa Patnaik, daraja la chini kwa mpango wa Kiupel. Seli zinazogawanyika zilikuwa 2 katika nyanja 10 za lenzi kubwa. Pembeni safi, mahali pembamba kuliko pote milimita 8. Chini safi, utando haujaguswa.

Mzee aliuliza sentimita 2 zimekwenda wapi. Ngozi ikikatwa hujikunja, na formalini huizidisha kukunjamana, kwa hiyo kipimo cha maabara huwa kidogo kuliko cha mezani. Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba seli zilikuwa zimetambaa nje ya kile nilichokuwa nahisi kwa vidole.

Kuhusu madaraja: mpango wa Patnaik, wa mwaka 1984, una madaraja 3, na shida yake ni lile la kati. Uvimbe mwingi huangukia hapo, na wataalamu wawili wakitazama slaidi moja huweza kutofautiana. Mpango wa Kiupel wa 2011 una madaraja 2 tu, chini na juu, na unahesabu vitu vinavyoonekana. Seli 7 au zaidi zinazogawanyika katika nyanja 10, kwa mfano, zinatosha kuuweka uvimbe daraja la juu. Katika utafiti huo, mbwa wa daraja la juu waliishi kwa wastani wa kati chini ya miezi 4, na wa daraja la chini zaidi ya miaka 2. Kwa mbwa wa miaka 10, miaka 2 ni sehemu kubwa ya umri uliobaki. Daraja la chini lililokatwa likawa safi halihitaji dawa za saratani, na sikumwandikia.

Ingekuwa daraja la juu ningefikiria vinblastini pamoja na prednisoloni: miligramu 2 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kila wiki kwa wiki 4, kisha kila baada ya wiki 2 mara 4. Si vinkristini tunayoitumia kwa ule uvimbe wa kupandana. Hiyo inafanya maajabu kwa ugonjwa wake, lakini kwa seli za masti msaada wake ni mdogo, na kuidunga kwa kila uvimbe bila slaidi ni kumtesa mbwa bure. Hata vinblastini ingenipa hofu kwa Bosco, kwa kuwa inashusha chembe nyeupe, na Ehrlichia sugu huweza kuwa imekwisha kudhoofisha uboho wa mifupa. Kuna pia dawa mpya zaidi. Toseranibu, vidonge, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009. Tigilanoli, inayotokana na mbegu za mti wa misitu ya Queensland, hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe, na iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2020.

Kazi iliyochukua muda mrefu kuliko upasuaji ilikuwa ya kupe. Bosco alipewa kidonge cha kuua kupe kinachodumu wiki 12, lakini kupe wa kahawia hakai kwa mbwa muda wote. Akishiba hushuka, hupanda ukutani, hutaga kwenye nyufa. Yadi ya mbao ni nyufa tupu. Mlinzi alihamisha kibanda cha mbwa kutoka kwenye rundo la magogo, akaziba nyufa za ukuta kwa saruji, na yadi ikapulizwa dawa, ikarudiwa baadaye kwa ajili ya walioanguliwa nyuma. Chembe sahani zilipopimwa tena mwisho wa doksisaiklini zilikuwa za kawaida, na tezi ya kinena imerudi ukubwa wake.

Miezi michache baadaye mlinzi alimleta bila kuitwa. Katika kumpapasa amekuta kitu kwapa la kushoto, laini, cha kutelezateleza, hakijambadilisha mbwa tabia. Mbwa aliyewahi kupata uvimbe wa seli za masti huweza kuota mwingine mpya mahali tofauti kabisa, kwa hiyo ulaini wake haukunituliza. Sindano ilitoa kitu kinachong'aa kwenye slaidi na kukataa kukauka. Chini ya hadubini, baada ya Giemsa, seli kubwa za mafuta na viini vidogo vilivyosukumwa pembeni. Hakuna seli hata moja ya masti, kwapani wala kwenye sampuli niliyochukua kandokando ya kovu la zamani.

Ni lipoma, sentimita 1.8, na tumeiacha ilipo. Kipimo, mahali na tarehe vimeandikwa kwenye kadi yake. Ataonekana kila miezi 3 mpaka mwaka wa upasuaji utimie, halafu kila miezi 6, na kila mara tezi zitapapaswa na damu itapakwa kwenye slaidi. Katikati ya hapo mlinzi anaipima kwa uzi kila mwisho wa mwezi. Ikivuka sentimita 4, au ikawa ngumu, au ikabadilika rangi, anamleta bila kungoja tarehe.